Mtoto wa Tabora Lubumbashi: siku tisa za mwanzo

Siku ya 1 na ya 2: Tabora, Mbeya, Tunduma

Begi langu la mgongoni lina nguo za kubadili mara tatu, sweta moja, koti la marehemu baba, daftari, kadi ya njano ya chanjo na chupa mbili za asali. Asali ni ya Sikonge, nimeifunga kwa mifuko mitatu na kanga juu. Mama aliniambia mgeni haendi mikono mitupu, hata kama hajui anakwenda kwa nani.

Ni Juni 2024, shule zimefungwa. Nina dola 420, karibu shilingi milioni moja na laki moja, nilizodunduliza kwa mwaka mzima kutoka mshahara wa ualimu. Dola 100 nimezitenga ndani ya soksi kwa ajili ya kurudi, na nimeapa sitazigusa.

Nafundisha Kiswahili. Mwaka jana mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, watu wa Kongo wanaongea Kiswahili gani?" Nikamjibu haraka kwamba kile ni Kiswahili kilichoharibika, nikaendelea na somo la ngeli. Jibu lile lilinikaa vibaya rohoni, kwa sababu sikuwahi kumsikiliza mtu hata mmoja kutoka kule zaidi ya wanamuziki. Isitoshe bibi yangu, Mnyamwezi wa Urambo, alipotusimulia habari za wapagazi alikuwa akitaja Katanga kama watu wengine wanavyotaja Mwanza, mahali pa kwenda na kurudi. Nikachagua Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga, kusini mashariki mwa Kongo.

Tabora hadi Mbeya kupitia Sikonge na Chunya ni msitu wa miombo saa baada ya saa, miti imekauka, mizinga ya nyuki inaning'inia. Mbeya nimelala kwa binamu bila kulipa. Kesho yake Tunduma, nikavuka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia, nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja, nikapanda basi la usiku la kuelekea Kopabelti, eneo la migodi ya shaba ya Zambia. Sina la kusimulia kuhusu usiku ule isipokuwa baridi. Koti la baba lilifanya kazi yake.

Siku ya 3: Chingola, Kasumbalesa, Lubumbashi

Miji ya Zambia tuliyopita alfajiri ilikuwa giza tupu. Ukame wa mwaka huu umeshusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, na umeme wanapewa kwa zamu. Chingola nilikunywa chai kwa mwanga wa tochi ya simu ya muuzaji.

Kilomita kadhaa kabla ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, malori yalianza kuonekana yamepanga mstari kando ya barabara. Yanayotoka Kongo yamebeba mabamba ya shaba, yanayoingia yamebeba mafuta, salfa na unga. Nikaanza kusoma namba za magari, na zile zenye herufi T mwanzoni, za kwetu Tanzania, hazikuisha. Chini ya lori moja madereva wawili walikuwa wanapika ugali kwenye jiko la gesi. Nikawasalimu, "Habari za asubuhi, kaka zangu." Mmoja akainuka kabisa. "Dada, umepotea?" Nilipomwambia naenda Lubumbashi kutembea, peke yangu, hakucheka. Alinyamaza kidogo, akanipa mawaidha matatu ambayo nayaandika kama alivyoyasema: usipige picha ovyo, usikubali noti ya dola iliyochanika hata kwenye ukingo, na mtu yeyote akikuuliza karatasi, msalimu kwanza kama unamsalimu mjomba wako. Wao walikuwa na siku ya tano kwenye foleni ile. Wakanimegea ugali na maharage, nikala nimesimama.

Upande wa Kongo nilipita madirisha manne. Matatu yalikwenda vizuri. Kwenye la nne niliambiwa kuna malipo ya "kukagua" kadi ya chanjo ambayo tayari ilikuwa imekaguliwa. Nikasalimu, nikasema sina, nikakaa kwenye benchi. Nilikaa karibu saa mbili. Sikupandisha sauti, sikulia, ingawa nilikuwa karibu. Hatimaye kadi ikarudishwa bila neno. Inaniuma kwamba mtu asiye na muda wa kukaa kwenye benchi lazima alipe, na wanaovuka pale kila siku na ndoo zao za bidhaa hawana muda huo.

Kutoka mpakani hadi mjini ni kama kilomita 90. Magari yanahama upande: Zambia ni kushoto, Kongo ni kulia, lakini taksi niliyopanda ilikuwa na usukani upande wa kulia kama za kwetu, kwa hiyo kila dereva alipotaka kulipita lori, abiria wa mbele kushoto ndiye aliyemchungulia njia. Abiria huyo alikuwa mimi.

Jua linazama naona bomba la moshi la kiwanda cha shaba, na kando yake mlima mweusi wa mabaki yake. Mtu wa nyuma akasema, "Tunafika." Kwa sikio langu la darasani "tunafika" ni bado tupo njiani. Kwake ilikuwa tumeshafika.

Nimepata chumba kwenye nyumba ya wageni ya masista, dola 15 kwa usiku pamoja na ndoo ya maji ya moto. Nilikuwa nimepanga kulipa 10. Chupa ya kwanza ya asali imekwenda kwa sista mkuu, na mama wa jikoni ameionja kwa kidole palepale.

Siku ya 4: Hesabu kwa Kifaransa

Nimetoka asubuhi nikijiamini. Nilichojua ni kwamba mji huu unaongea Kiswahili, na ni kweli: watoto wanagombana kwa Kiswahili, makondakta wanaita abiria kwa Kiswahili, mahubiri kwenye redio ya jikoni ni Kiswahili. Wanaamkiana "jambo" na kujibu "jambo sana". Kwetu neno hilo tumewaachia watalii, na nililisikia kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekuta kwa jirani kinatumika vizuri chombo alichokitupa yeye.

Shida ilikuja kwenye fedha. Bei hawazitaji kwa Kiswahili. Muuza muda wa maongezi ananiambia "mille cinq", nami nabaki nimemkodolea macho. Ni faranga 1,500. Saa nazo ni za Kifaransa, tarehe vilevile. Kondakta anaweza kusema sentensi nzima ya Kiswahili, akifika kwenye namba anaruka ng'ambo, akimaliza anarudi. Huenda ni urithi wa wakoloni wa Kibelgiji, na hesabu zimebaki huko. Usiku huu nimeandika namba moja hadi ishirini kwenye daftari na mama wa jikoni amenisahihisha. Mara ya mwisho mtu kunisahihisha namba nilikuwa darasa la kwanza.

Wabadilisha fedha wanakaa barabarani kwenye viti vya plastiki, matofali ya noti yamepangwa mbele yao mezani. Dola moja ni karibu faranga 2,800. Nilipotoa noti ya dola 20, kijana aliinyanyua juani, akaigeuza, akanirudishia. "Mama, hii inapasuka kiloko." Nikatazama, nikaona mchaniko usiozidi ukucha. Ilibidi niiuze kwa 15. Dola tano zimekwenda kwa ajili ya ukucha, na dereva wa Kasumbalesa alishanionya. Kilichonifariji ni neno "kiloko". Kidogo, kiloko. Nimeliandika.

Na "mama"! Nina miaka 27, sina mtoto, na tangu jana kila mtu ananiita mama: kondakta, mbadilisha fedha, hata mzee mwenye mvi. Wanaume wote ni papa. Mwanzoni nilitazama nyuma kuona anayeitwa.

Siku ya 5: Posta

Katikati ya mji barabara ni pana na zimenyooka, miti mikubwa pembeni, majengo ya zamani yenye baraza. Wabelgiji waliuanzisha mji huu mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, wakauita Élisabethville, jina la malkia wao. Mwaka 1966 ukarudishiwa jina la mto wake. Nimeingia kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, matofali mekundu, nikakaa dakika kumi kwa sababu ndani palikuwa kimya na miguu ilikuwa inaniuma.

Halafu nikafanya kosa. Kutoka karibu na Posta bomba la moshi linaonekana vizuri, lina urefu wa mita 153 na limekuwa kama sahihi ya mji. Nikatoa simu, nikapiga picha moja. Mtu mwenye sare akatokea sijui wapi. Aliongea Kifaransa haraka, akaishika simu yangu. Nilijaribu kufuata ushauri: nikasalimu, nikaeleza, kwa Kiswahili changu chote kilichonyooka. Kadiri nilivyozungumza ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza. Kiswahili kile kilinitambulisha kuwa mgeni kuliko hata begi. Akataja dola 50.

Pembeni kulikuwa na mama anauza muda wa maongezi chini ya mwavuli, yule yule wa mille cinq. Akainuka taratibu, akajifunga kitenge upya, akaja. Hakugomba. Alimwita yule mtu "papa", akamuuliza habari za nyumbani, akamwambia, "Ule njo mutoto yangu. Anatoka Tanzanie. Hajue." Wakaongea kama dakika tano, na maneno mengi sikuyapata. Simu ikarudi mkononi mwangu, picha imefutwa.

Nilitaka kumpa faranga elfu tano. Alizikataa, akakubali tu ninunue muda wa maongezi kwake. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifikiria siku nzima. Akasema: wewe unasema Kiswahili bora, ni kizuri, ni cha vitabu na redio, lakini mtu akisikia vile anafikiri unamhubiria. Sema pole pole, sema kama mtu wa nyumbani.

Kiswahili bora. Ndivyo wanavyokiita chetu hapa. Na wanakiita hivyo bila kudharau chao: hiki cha shuleni na kanisani, kile cha kuishi.

Siku ya 6: Soko la Kenya

Mji huu una komuni saba, yaani sehemu zake za utawala, na moja inaitwa Kenya. Ukimsikia mtu anasema "mi naenda Kenya" ujue anapanda basi dogo la nusu saa. Nilikwenda na mama wa jikoni kununua chakula cha masista, naye akanibebesha kikapu, jambo lililonifurahisha kwa sababu mwenye kikapu hatazamwi kama mtalii.

Tulipitana na wanaume wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa hadi baiskeli yenyewe haionekani. Hapa ni makala. Mmoja alisimama kupumzika, ameegemeza mzigo kwa mti wenye panda. Nilimuuliza anatoka wapi, akanionyesha mbali kwa kidevu. Zamani, alisema, miti ilikuwa karibu, sasa anatoka usiku ili afike asubuhi. Nilitazama vipande vya mkaa vilivyochomoza kwenye gunia. Ni miombo, miti ile ile niliyoipita Sikonge. Huko kwetu nyuki bado wanayo ya kutosha, nikasema moyoni, halafu nikakumbuka magunia yaliyopangwa kando ya barabara ya Chunya na sikuwa tena na uhakika.

Sokoni nilijifunza kwa tumbo. Ugali ni bukari. Kisamvu ni sombe. Maji ni mayi. Viwavi vilivyokaushwa ni finkubala, vimerundikwa kwenye mabeseni kama njugu, na muuzaji alinipa vitatu vya kuonja. Vina ladha ya moshi na kitu kama uyoga. Nikanunua kipimo kizima. Munkoyo nilikunywa vikombe viwili: ni kinywaji cha mahindi kilichotiwa mizizi, kinachachuka kidogo tu, na kwa mtu anayehesabu kila faranga kinashiba kama chakula.

Mazungumzo makubwa ya soko yalikuwa unga. Mahindi mengi ya mji huu yanatoka Zambia, na Zambia mwaka huu imekauka. Mama wa jikoni alisimama mbele ya gunia la kilo 25, akauliza bei, akauliza tena kana kwamba hakusikia, akanunua nusu ya alichokuwa amepanga. Nyumbani Tabora nikisikia habari za ukame wa nchi nyingine ni taarifa ya habari. Leo niliuona ukame wa Zambia kwenye kikapu nilichokuwa nimekibeba mimi, kikapu chepesi.

Jioni alinipikia finkubala kwa nyanya. Tulikula jikoni sote wawili, tukiota moto wa makala, maana Juni hapa mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari na usiku unauma. Nilimuuliza kwa nini anasema "bintu" na "bantu". Akaniuliza kwa nini mimi nasema "vitu" na "watu". Sikuwa na jibu. Kinyamwezi cha bibi yangu nacho kinasema karibu na yeye kuliko na mimi.

Siku ya 7: Kamalondo

Neno "Tanzanie" nikilitaja hapa, mara tisa kati ya kumi jibu ni moja: "Samatta!" Leo nimekwenda kuona kwa nini. Uwanja wa TP Mazembe, timu ya mpira ya mji huu, uko Kamalondo, katikati ya nyumba za watu, na rangi nyeusi na nyeupe iko kila ukuta. Msimu umekwisha, hapakuwa na mechi, lakini mlinzi alipojua natoka wapi alinipitisha hadi kwenye ukingo wa majani.

Akanisimulia fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya Novemba 2015 kana kwamba ilichezwa jana. Mazembe walikuwa wameshinda 2-1 Algiers dhidi ya USM Alger, wakarudi hapa wakashinda 2-0, na penalti ya bao la kwanza aliipiga Mbwana Samatta. Alinionyesha kwa mkono goli lililopigiwa. Miezi miwili baadaye Samatta akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kisha akaondoka kwenda Genk ya Ubelgiji. Alifika hapa mwaka 2011 akiwa kijana mdogo kutoka Simba, na Thomas Ulimwengu naye alikuwapo. "Alisemaka Kiswahili bora sawa weye," mlinzi akaniambia. "Kisha akazoea."

Hapa Simba ni bia. Nilipoona bango lake mara ya kwanza moyo ulipiga, maana nyumbani mimi ni Yanga.

Kabla ya hapo nilipita makumbusho ya taifa. Nimekaa muda mrefu mbele ya misalaba midogo ya shaba, mikono yake minne ikiwa sawasawa, iliyokuwa fedha ya Katanga karne nyingi kabla ya faranga. Ni mizito ukiitazama tu. Hii ndiyo shaba waliyoifuata watu wa kwetu kwa miguu, miezi kwa miezi, wakiuza chumvi, nguo na majembe. Kijana wa makumbusho aliniuliza natoka Tanzania sehemu gani. Niliposema Tabora, aliweka chini kalamu yake. "Kuna papa mmoja Katuba," akasema. "Lazima umuone."

Siku ya 8: Shilatembo

Barabara ya Likasi, kiasi cha kilomita 50. Nilikodi kiti kwenye gari la watu wanne, kisha nikamalizia kwa pikipiki. Waendesha pikipiki hapa wanaitwa manseba. Aliniteremsha, akazima injini bila kuambiwa.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliletwa Luano, uwanja wa ndege wa mji huu, alasiri ya tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa na wamepigwa njia nzima. Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, chini ya Moïse Tshombe. Usiku ule ule wakapigwa risasi hapa msituni, mmoja baada ya mwingine, mbele ya maafisa wa Katanga na Wabelgiji. Miili ikafukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi. Kilichobaki cha Lumumba ni jino alilolichukua polisi wa Kibelgiji. Lilirudishwa Juni 2022, likapitishwa hapa ndani ya jeneza kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Kuna sanamu yake, kuna miti, kuna upepo. Nimewahi kufundisha darasani kwamba aliuawa. Sikujua kwamba mahali penyewe ni msitu kama wa nyuma ya nyumba yetu, udongo mwekundu ule ule, majani makavu yale yale chini ya viatu. Manseba wangu, kijana wa miaka kama ishirini, alivua kofia. Hatukuzungumza mpaka tulipofika barabara kuu.

Sijaandika mengine siku hii.

Siku ya 9: Katuba

Papa wa Katuba anakaa nyumba ya matofali yenye mwembe uani. Kijana wa makumbusho alinisindikiza. Mzee alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, na wajukuu kama sita wamejaa mlangoni. Nilipiga goti kama ningepiga kwa babu yangu. Nikamwambia, pole pole, kwamba natoka Tabora, kwa Wanyamwezi.

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Bankambo betu balitokaka kule." Mababu zetu walitoka kule.

Ni Muyeke. Wayeke ni watu wa Msiri, na Msiri alikuwa mtoto wa Kalasa, mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi ya Tabora aliyekuja hapa kutafuta shaba na pembe. Msiri hakurudi. Alikaa, akaoa, akapigana, akajenga ufalme wa Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya, na njia za biashara zikaenda kutoka kwake hadi bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Kiswahili nacho kilikuja na misafara ya namna hiyo. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulitoka pwani, ukapita Tabora, ukafika Bunkeya. Tarehe 20 Desemba Kapteni Bodson wa msafara ule akampiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa risasi palepale, akafa.

Haya nilikuwa nimeyasoma. Sikuwa nimefikiria kwamba wauaji walipita nyumbani kwetu kwanza, wakanunua chakula kwetu, na huenda wakapata wapagazi kwetu. Nilimwambia mzee hivyo. Sauti yangu ilitikisika. Akasema tu, "Ni vile. Njia ilikuwa moja."

Nilimsalimia kwa Kinyamwezi, "Wangaluka." Alirudia neno lile taratibu mdomoni, mara mbili, lakini hakuwa na la kujibu. Alisema nyumbani mwake wamebaki na Kisanga, lugha ya Wasanga wa hapa, na Kiswahili, na Kiyeke chenyewe walikifahamu baba yake na shangazi zake. Wajukuu walicheka salamu yangu. Yeye hakucheka.

Ndipo nikatoa chupa ya pili ya asali. Nimeibeba siku tisa, nchi tatu, na kifuniko kilikuwa kimevuja kidogo kwenye kanga. Mjukuu mkubwa akaleta kijiko. Mzee akaonja, akafumba macho, akasema, "Buki."

Bibi yangu Urambo anasema buki. Nimemsikia neno hilo tangu sijaanza shule, na darasani nimelifuta kwa wino mwekundu kwenye insha za watoto wa Sikonge na kuandika "asali" juu yake. Nililia pale uani, mbele ya wajukuu wote, na mzee akanipa kona ya blanketi lake nifute uso.

Tulikaa mpaka giza. Aliniuliza kama miti bado ipo Tabora, kama mfalme bado yupo, kama watu bado wanatundika mizinga. Aliniuliza Tabora hadi hapa ni siku ngapi. Nikasema tatu kwa basi. Akahesabu kitu kwa vidole, akatikisa kichwa.

Nimerudi kwa masista saa mbili usiku. Umeme hakuna, naandika kwa mshumaa. Mjukuu mkubwa wa mzee amenipigia sasa hivi: keshokutwa kuna gari la ndugu zao linapita Likasi kwenda Bunkeya, lina nafasi moja nyuma, dola 15 kwenda na 15 kurudi, na huko nitalala kwa shangazi yake. Ukiacha za soksi nimebaki na dola 41. Nimezihesabu mara mbili, nikazikagua moja moja kwenye mwanga wa mshumaa. Hakuna iliyochanika. Mama wa jikoni ameshaanza kunifungia finkubala kwenye karatasi, na chupa tupu ya asali ameiosha, anasema niijaze huko Bunkeya nimpelekee bibi.